Farasi wa Mfalme na Mama Mkwe

Alhamisi, 6 Septemba 2012

Mama yake Otilia, mpenzi wangu, ametua huku ughaibuni kutoka Bukoba. Yuko Pickering kwa binti yake huyo, na kabla hajaondoka ataamua kama nitaoa au nitaendelea kula mikate mitupu chumbani kwangu Rexdale. Roho juu!

Landry, yule Mkongo wa kwaya anayemnyemelea Otilia wangu, keshamzungusha Mama madukani kwa gari lake. Mimi nina tiketi ya basi. Mama akasema anapenda mambo ya kale. Nikaropoka kwamba sanamu za bustani ya Queen's Park, hapa mjini, nazijua zote, moja moja. Sijawahi kukanyaga pale.

Ijumaa, 7 Septemba

Nimetoka zamu ya ghala moja kwa moja hadi bustanini. Ni ya mwaka 1860, imepewa jina la Malkia Viktoria. Mwenyewe ameketi mbele ya Bunge, amenuna kama amenyimwa chai. Nyuma kabisa ya Bunge yuko mwanawe, Edward wa Saba, juu ya farasi wa shaba. Walikuwa Delhi, Wahindi walipowachoka, wakaletwa hapa mwaka 1969. Nimekariri yote kwenye basi la Kipling. Landry kasema naye atakuja kesho, eti kumsindikiza Mama. Aje ajionee!

Jumamosi, 8 Septemba

Balaa! Balaa tupu!

Wanafunzi wamepita kabla yetu. Wamempaka farasi rangi. Si kwato, si mkia. Korodani! Rangi ya machungwa, zinang'aa kama taa za barabarani. Na mimi kwetu mbele ya mama mkwe hata kukohoa nakohoa kwa adabu.

Namshukuru Mungu mimi, Mama na Landry tulitokea mbele. Nikamsimamisha Mama puani pa farasi na kuanza kusimulia, asije akazunguka. Delhi ikaisha upesi. Mama akapiga hatua. Nikamwambia subiri Mama, Delhi alipita tu, kabla ya hapo alikuwa Bombei. Akapiga nyingine. Nikapagawa. Nikasema farasi huyu mwanzo kabisa alisimama Bukoba, pale ufukweni, Waingereza wakamwiba.

Mama machozi yakamlenga. Akasema lazima amguse farasi wa nyumbani. Akazunguka.

Nikavua koti nikaruka kuzifunika. Nikaishia kuning'inia kwenye goti la farasi, koti likipapasa rangi mbichi. Landry akacheka hadi akakaa chini kwenye majani.

Mama wala hakushtuka. Akaniambia nishuke, alikuwa bibi mifugo miaka mingi, amehasi mafahali wengi kuliko vijana wote wa kwaya. Otilia alishaniambia hilo. Sijui nilikuwa nasikiliza nini. Kisha Mama akauliza huko Bukoba farasi alisimama sehemu gani hasa, kwa sababu yeye amezaliwa palepale ufukweni. Landry, bila kuulizwa, akasoma kwa sauti kibao cha maelezo kilicho chini ya sanamu. Delhi. Mama akapanda gari la Landry. Hakuniaga. Nimerudi kwa basi, koti lina rangi ya machungwa, na nimeumia moyoni kweli.

Jumapili, 9 Septemba

Otilia kapiga simu. Kalia, kanigombeza, halafu akasema amenitetea usiku kucha. Mama amekubali kunipa nafasi moja, ya mwisho. Sharti ni moja tu: nisimwambie jambo nisilolijua. Nimeapa kwa Mungu na kwa marehemu bibi. Nampenda Otilia, sitacheza tena na bahati yangu.

Nimetafakari kwa kina nilipokosea. Kosa langu ni dhahiri. Nilihangaika kumfunika farasi, kumbe cha kufunika kilikuwa kibao!

Keshokutwa nampeleka Mama mbele ya Bunge, kwenye mizinga miwili ya zamani. Ilitekwa vitani Sevastopoli, lakini Sevastopoli nani anaijua? Nitasema ni ya Karagwe, jirani na kwao. Koti nimeshalifua.