Kiwele cha Ng'ombe wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Chuchu ya nyuma kushoto imevimba. Maziwa yana mabonge. Na ng'ombe si wangu! Ni wa mama mkwe. Aliniachia nimtunze, akaonya kwamba nikimharibu atamhamishia kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye banda la saruji na maneno mengi. Mama anakuja Jumapili. Nimenunua tyubu ya antibiotiki. Imeandikwa ni ya chuchu moja. Nimeigawa kwa zote nne, kwa tahadhari. Ncha nilikuwa naifuta kwenye shati.

Jumatano, 5 Machi
Mungu wangu, sasa chuchu mbili! Nimemtia tyubu nyingine. Kanipiga teke la paja. Mke wangu kauliza kwa nini nisimwite daktari wa mifugo. Nimemjibu kuwa mimi si mtoto mdogo, nikaondoka nikichechemea. Kumbe kachukua maziwa kwenye chupa, kapeleka maabara.

Jumamosi, 8 Machi
Daktari kaja na majibu. Ni kuvu. Kasema antibiotiki haiui kuvu, inaipa nafasi tu, na huenda kuvu hiyo iliingia kwa ncha chafu. Akalitazama shati langu. Nikatazama paa. Ameagiza niache dawa zote, nikamue kila baada ya saa chache, ninawe mikono, chuchu niziweke safi. Basi! Daktari mzima, kasoma miaka yote hiyo, aje kuniambia nisitibu!

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi nimemtia dawa kidogo tu, uvimbe ushuke kabla ya mgeni. Umeongezeka. Nikamfunika ng'ombe blanketi hadi magotini. Nimemwambia mama kwamba ana baridi. Mama akainua blanketi. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alifungua kamba, wakaondoka. Ng'ombe hakugeuka hata mara moja. Miaka miwili nimemkatia majani kwa mikono yangu! Nimeumia sana.

Jumapili, 16 Machi
Shemeji katuma salamu, na kicheko juu yake. Hampi dawa yoyote, anamkamua tu kutwa kucha. Uvimbe umeshuka. Chuchu moja imekufa, tatu zimepona. Nimekaa kwenye banda tupu nikalia. Sina ng'ombe, sina heshima, hata mke ananisemesha kwa mkato.

Halafu nikagundua. Dawa yangu ilihitaji wiki moja tu ifanye kazi! Sifa zote kazichukua shemeji.

Mbuzi wa mke wangu naona kiwele kimemlemea upande mmoja. Tyubu ya Jumapili iliyopita bado ina dawa kidogo. Safari hii nimevaa shati safi.