Mmea Uliooga kwa Sabuni

Nyaishozi nzima hakuna mtu anayejua mimea kama Yustus! Hayo yalikuwa maneno ya Yustus mwenyewe, na wiki ile aliyarudia kila alipopata wa kumsikiliza, maana alikuwa anagombea ujumbe wa baraza la ardhi la kijiji.

Siri yake ilikuwa chumbani. Alikuwa anafuga kinyonga! Majirani wakimwona kinyonga njiani hugeuka wakarudi walikotoka. Yustus alimjengea tundu la wavu na kumwita Meneja, kwa ule mwendo wa kukagua kazi za wenzake bila kuzishika.

Meneja alihitaji mmea hai wa kukwea. Yustus akaenda mjini kwenye duka la maua, akarudi amekumbatia mmea wa majani marefu, membamba, yanayong'aa. Muuzaji alimwambia ni wa kigeni, wa mahotelini.

"Usiuguse," akamwonya mkewe, Deodatha. "Mimea ya dukani imepigwa dawa ya wadudu. Meneja hunywa matone kwenye majani. Akilamba dawa, tumemzika."

Deodatha akautazama mmea, akamtazama mumewe, akafungua mdomo.

"Nimesoma kwenye simu," Yustus akamkatiza. Deodatha akaendelea kumenya ndizi.

Basi Yustus akauogesha mmea! Kila jani, juu na chini, kwa sabuni kidogo, akasuuza na kusuuza tena, kwa upole ambao wanawe hawakuwahi kuuonja. Akaukung'uta udongo wa dukani wenye punje za mbolea, akaosha mpaka mizizi. Sasa ulitakiwa upumzike wiki kadhaa kwenye udongo safi. Shamba lake lilijaa mbolea ya viwandani, lakini la jirani yake, Mzee Mugisha, lilipata samadi tu. Yustus akapenya kwenye migomba, akaupanda upande wa Mugisha, akarudi akipiga mluzi.

Asubuhi akakuta watu wamejaa uani. Mbele alisimama Mugisha na panga lake, na Jenifa, mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo, mzee," akasema Yustus.

Mugisha hakuitikia. "Kwa nini umepanda mlamula ndani ya shamba langu?"

Mlamula! Mmea wa mpaka, ambao mtoto yeyote wa Karagwe anajua kwamba uliposimama ndipo shamba la mtu linapoishia! Yustus akageuka. Mpakani ilijipanga milamula ya babu zao, majani marefu, membamba, yanayong'aa. Ule wa mahotelini ulikuwa ndugu yao wa tumbo moja. Kwa macho ya watu wote, mgombea wa baraza la ardhi alikuwa amemega shamba la jirani.

Akubali kuitwa mwizi wa ardhi, au aseme ukweli?

"Ni wa kinyonga," akasema kwa sauti ndogo. "Niliununua. Halafu nikauogesha."

Jenifa akaingia chumbani, akatoka mbio. "Kinyonga yupo," akasema akihema. "Yustus hakusogeza mpaka."

Mugisha alicheka mpaka akaegemea mgomba. "Umenunua mlamula? Si ungeniomba nikukatie tawi?" Akafuta machozi. "Marahaba, mwanangu."

"Tumpe mipaka yetu mtu asiyeujua mlamula?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Siku ya kura, Yustus alikosa hata ya Deodatha.

"Siku ile nilitaka kukwambia," Deodatha akamwambia wakirudi nyumbani. "Lakini ulikuwa umesoma kwenye simu."