Yah: Kurejea kwa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na mbili bila mke wangu. Yuko kwao, na cherehani yake ameichukua. Nyumba kimya mno. Kosa langu, anasema, ni kuongea naye kama waraka wa ofisi. Mimi! Karani mwandamizi, mwandishi wa barua zote za idara! Nitamrudisha kwa kile ninachokiweza. Barua.

Jumanne, 4 Machi
Kurasa tatu, saa za kazi. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Nimeainisha changamoto za ndoa, fursa zilizopo, na mpango kazi wa miezi sita wenye tija kwa wadau wote. Kwenye kipengele cha 4(b) machozi yalinitoka. Nikapiga mhuri.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kwa mazoea nilimalizia: "Nakala: Mkuu wa Idara, Masjala." Tarishi naye akasambaza. Masjala wamenifungulia jalada. Mkuu ameniita akauliza, kwa upole kabisa, utekelezaji unaanza lini. Tangu asubuhi mhasibu ananiita "mdau".

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi na adui yangu wa siku nyingi, ameirudisha barua. Wino mwekundu kote! Eti nilianza na "Kwa mkeka wangu mpendwa". Kidole kiliteleza tu. Amenipa tisa kwa mia. Mama mkwe alipouona mhuri alidhani ni hati ya mahakama, akalia.

Nyuma ya barua kuna mwandiko wa mke wangu. Amepata kazi ya kushona mji mwingine, anaondoka Jumatatu. Atabaki iwapo nitamwambia, kwa sentensi moja ya kwangu mwenyewe, kwa nini nataka arudi. Niliunusa ule ukurasa mpaka shemeji akakohoa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetandika upande wangu wa kitanda. Wake haujavurugika tangu aondoke. Nikaketi, nikaandika: "Rudi, nimekukumbuka mpaka nasahau kula." Nimeisoma mara kumi. Ni kweli tupu.

Jumapili, 9 Machi
Ila haina uzito! Hata mtoto angeiandika. Nimeiboresha: "Kwa kuzingatia mrejesho wako, na katika muktadha wa upungufu uliojitokeza ndani ya kaya..." Kurasa nne, nukta moja tu mwishoni. Sentensi moja, kama alivyotaka!

Nimeipeleka mwenyewe. Shemeji akaipokea mlangoni, akaniuliza kama nina hakika. Nikamcheka. Akaingia nayo ndani. Nusu saa nimesimama nje, shingo ndefu, nikisikiliza kama nitasikia sauti ya mke wangu. Shemeji akatoka peke yake.

Nimemwomba kesho amsaidie dada yake kubeba mizigo kurudi kwetu. Amesema atambebea, basi linaondoka saa mbili asubuhi. Nikamuuliza basi la nini, na kutoka kwao mpaka kwetu ni dakika kumi kwa miguu? Akarudi ndani, akafunga mlango. Walimu bwana!