Kikohozi cha Maalim Hamad

Kwa tangazo nambari saba la mwaka 1969, wananchi wote wa Unguja, mjini na shamba, walijulishwa kwamba sauti zao ni chafu.

Hakuna aliyelaumiwa. Tangazo lilieleza wazi kuwa uchafu huo ni wa kurithi. Zamani watu walikuwa wakinasa kasida, nyimbo na maulidi bila ya mpango wowote, na humo ndani wakaachia kunguru, vikombe vya kahawa, mbuzi na, jambo la kusikitisha zaidi, vikohozi. Sasa imeundwa Idara ya Kuosha Sauti, yenye mkurugenzi, makamu wake, kamati ya wasikilizaji saba, mlinzi mmoja na fundi mmoja. Kila mwenye tepu nyumbani kwake aitoe ikaoshwe.

Bi Tamima alilisoma tangazo hilo mara mbili kwenye ukuta wa Mlandege, kapu la mchicha mkononi. Alikuwa mjane wa mwaka wa sita, mtu wa swala zake na uradi wake, hapayuki na hapitwi na kitu. Alirudi nyumbani, akalifungua kasha, akaitazama tepu yake. Alikuwa nayo hiyo moja tu.

Humo alikuwemo mumewe, Maalim Hamad, akisoma maulidi mwaka mmoja kabla hajafariki. Katikati ya kisomo Maalim alikohoa mara mbili, akasema, "Tamima, n'letee maji," kisha akaendelea. Siku ile yenyewe Bi Tamima alikuwa uani na mwiko wake, hakusikia, na maji yakaletwa na mtu mwengine. Tangu alipofiwa, kila Ijumaa huichukua tepu akaenda kwa jirani yake Bi Kidawa, mwenye mashine, wakakaa wakasikiliza. Likifika jina lake huitika, "Naam." Aliona si adabu mume kuita bila ya kuitikiwa.

Wiki ile ile wakaja watu wa Idara na mkokoteni. Karani alikuwa ameshapata habari zote, maana mtaa hauna siri. Akaandika stakabadhi, huku akiisoma kwa sauti: "Maulidi, moja. Vikohozi, viwili. Maombi ya maji, moja. Vitakavyoondolewa: vikohozi na maji."

"Na jina langu?" akauliza Bi Tamima.

Karani akatazama kanuni zake. "Jina linafuatana na maji, bibi."

"Mwanangu, mie sikuomba kuoshewa."

"Hakuna aliyeomba. Ndiyo maana ikaitwa huduma."

Mkokoteni ukaondoka. Bi Kidawa akasema, "Shoga, usihuzunike. Wanasema fundi wao ana sikio ambalo Mungu hajaumba jengine."

Na kweli wakisema. Fundi Borafya alikuwa akitengeneza redio hapo hapo Mlandege, mpaka siku moja Ndugu Silima, ambaye leo ndiye Mkurugenzi, alipompelekea redio yake iliyokuwa ikikoroma. Fundi akaifungua, akatoa mende, akaifunga. Ndugu Silima akaisikiliza, akatokwa na machozi. Akasema habari za asubuhi sasa zina kina. Kutoka hapo Fundi akaitwa Sikio la Taifa, akahamishiwa ghorofa ya pili ya jumba moja kule Shangani, na wauza kahawa wote wa njia ile wakaamrishwa wasigonge vikombe. Wakawa wanapita wakitikisa mikono mitupu, na mwenye hamu ya kahawa akisoma mikono.

Kamati ilikutana kila Jumanne. Tepu ilipigwa kabla ya kuoshwa na baada ya kuoshwa, wajumbe wakaeleza tofauti. Mmoja alisikia hewa baina ya udi na fidla. Wa pili alisikia urefu wa mpiga zumari. Wa tatu alisikia rangi ya kanzu ya mwimbaji, akasema ni maziwa, na kumbukumbu za kikao zikaonesha kuwa hakuna aliyempinga.

Bi Tamima alikwenda kwanza kwa Mkurugenzi.

"Tepu yako ina bahati, bibi," Ndugu Silima akamwambia. "Imechaguliwa kupigwa Jumatatu, mbele ya Mgeni Rasmi, kuwa mfano wa kikohozi kilichong'olewa na mizizi yake."

"Baba, kikohozi kile ni changu."

"Kilikuwa chako. Sasa ni mfano."

Basi akenda kwa Fundi. Akapanda ngazi, akasimama mlangoni. Fundi alikuwa amempa mgongo. Bi Tamima akapiga hodi. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, akangoja, na kwa kuwa dini imetufundisha kuwa ukibisha mara tatu usipojibiwa urudi, akarudi. Kesho yake akaja tena, hodi tatu, kimya, akarudi tena. Mlinzi akamliwaza.

"Usione vibaya, bibi. Sikio kubwa halishughuliki na hodi ndogo."

"Sikio kubwa la nani? Tembo anasikia."

Siku ya tatu Bi Tamima hakupiga hodi. Alizunguka kwenye roshani, akajitokeza dirishani, mbele ya uso wa Fundi. Fundi akasimama pale pale.

"Shikamoo, Bi Tamima. Karibu, karibu. Mbona hukupiga hodi?"

Bi Tamima akaingia, na kwa kuwa alikuwa mbele ya mwanamme asiye wake, akavuta ukingo wa buibui ukamfunika mdomo, akaeleza shida yake yote, tangu mkokoteni mpaka maji. Fundi akamtazama kwa upole hadi alipomaliza.

"Bibi," akasema, "tafadhali shusha buibui mdomoni. Sikusikii."

Bi Tamima akahesabu mambo kichwani. Kisha akasema "Astaghfirullahi" na kuushusha ukingo hadi kidevuni.

"Tangu lini?" akauliza, akilitamka neno polepole.

"Mwaka wa kumi huu. Lilipasuka pipa la mvuke la kukamulia mafuta ya makonyo ya karafuu, nami niko ubavuni mwake. Redio natengeneza kwa vidole, watu nawasoma midomoni. Kitu kikitetemeka vizuri, najua kimepona."

"Na hawa wakubwa hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakapiga makofi."

"Basi unaosha nini?"

Fundi akamwonesha kitambaa cha pamba. "Vumbi. Nafuta kasha, nafuta tepu, naziweka juani kidogo. Siku ya kamati wao wananitazama mie usoni, nami nawatazama wao. Mmoja wetu akianza kutabasamu, basi imeshatakata."

Bi Tamima angecheka, lakini Jumatatu ilikuwa karibu. Mezani, kando ya tepu yake, palikuwa na wembe mpya.

"Na huo?"

"Huo umeletwa kwa ajili ya Maalim. Mkurugenzi anataka kikohozi kikatwe kweli, maana Mgeni Rasmi ni mtu wa juu. Sijapata kukata tepu ya mtu, bibi. Wala sijui kilipo."

Akaiweka tepu kwenye mashine, akalaza kiganja chake juu ya kipaza sauti, akafumba macho. Sauti ya Maalim Hamad ikajaa chumbani. Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

"Mtu wa sauti nzito," akasema. Halafu kiganja kikamruka mara mbili. Akafumbua macho. "Hapa amekohoa."

"Hapo."

"Na hapa, baada yake, chini chini. Amesema nini?"

"Ameniita."

Fundi akaizima mashine. Sasa alijua pa kukata, na wote wawili walilijua hilo. Akauchukua wembe, akaufunga ndani ya karatasi yake, akautia mtotoni mwa meza, akaisukuma droo.

"Jumatatu akikohoa mbele za watu, kazi sina," akasema.

"Wewe futa vumbi, mwanangu. Mengine atafuta Mwenyezi Mungu."

Jumatatu ikafika. Mlinzi alikuwa amewatimua kunguru tangu alfajiri kwa manati, na mbuzi wa mtaa mzima wakafungiwa kwa siku moja bila ya kufunguliwa mashitaka. Ukumbi ulijaa, wanaume huku, wanawake kule. Cheti cha kuthibitisha kuwa kikohozi hakipo kilikuwa kimeshatiwa saini tangu Alkhamisi, na wajumbe wote saba na Mkurugenzi mwenyewe. Mgeni Rasmi, Ndugu Ame, mzee mfupi asiye na haraka, alikikuta juu ya kiti chake ikabidi akiondoe ndipo akae.

Fundi akawasha mashine. Maalim Hamad akaanza kusoma. Bi Tamima, safu ya nyuma pamoja na Bi Kidawa, akafumba macho kama Ijumaa yoyote.

"Sikilizeni ule usafi," Ndugu Silima akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Baina ya pumzi na pumzi mtu angeweza kutandika mkeka."

Kamati ikamtazama Fundi. Fundi akaitazama kamati. Wakatabasamu.

Maalim Hamad akakohoa. Mara mbili, kwa kifua kizima.

Ndugu Silima hakubadilika hata rangi.

"Hicho msikihesabu, ndugu wananchi," akasema. "Hicho ni kikohozi cha Mgeni Rasmi."

Ndugu Ame akageuka. "Mie sijakohoa."

"Umekohoa kidogo, mzee," makamu akamsaidia. "Wewe mwenyewe hukujua. Sikio la kitaalamu ndilo lililodaka."

"Tamima, n'letee maji," ikasema mashine.

"Naam," akaitika Bi Tamima.

Halikuwa jambo alilolipanga. Lilimtoka kama lilivyozoea kumtoka, kwa sauti ya mtu aliyeko nyumbani kwake, na ukumbi wote ukageuza shingo. Bi Kidawa akajificha ndani ya buibui lake, mabega yakimtikisika.

Ndugu Ame akamwuliza Mkurugenzi taratibu, "Na maji nimeomba mie?"

Ndugu Silima akamtazama makamu. Makamu akakitazama cheti.

"Kwa mujibu wa cheti," akasema Ndugu Silima, "ndiyo."

Mjumbe mmoja mwenye bidii akawa ameshaleta gilasi. Ndugu Ame akaipokea, akaitazama, akaiweka chini.

"Huyo aliyeitika ni nani?"

Bi Tamima akasimama. "Ni mie, baba."

"Nani amekwita?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Mwanakwerekwe, makaburini. Mwaka wa sita huu."

"Basi amekohoa yeye au nimekohoa mie?"

"Amekohoa yeye, mara mbili. Wewe, alhamdulillahi, u mzima."

Watu wakacheka mpaka mlinzi, aliyeko nje na manati yake, akachungulia. Ndugu Ame akamwita Fundi, ambaye alikuwa ameinamia mashine. Akamwita tena. Mjumbe aliyesikia kanzu ya maziwa akaanza kueleza, "Sikio kubwa, mzee, halishughuliki na..." Mzee akamwacha akieleza, akaenda akasimama mbele ya uso wa Fundi.

"Wewe husikii?"

"Sisikii, mzee. Imo katika kumbukumbu za kikao cha kwanza, ukurasa wa pili."

Daftari likaletwa, karani akaamrishwa asome. Akasoma: "Fundi alisema yeye hasikii hata kidogo. Kamati ikaupokea unyenyekevu wake kwa makofi."

Ndugu Ame alitoa uamuzi hapo hapo, kwa kuwa alikuwa na kikao chengine. Fundi Borafya arudi Mlandege kwenye redio zake, na ashukuriwe kwa kuwa ndiye pekee katika Idara aliyesema kweli kwa maandishi. Ama wasikilizaji, kwa kuwa wamesikia rangi ya kanzu na hawakusikia kifua cha Maalim, wapumzishe masikio, watumie miguu. Tepu zote mia tatu na kumi na mbili zirejeshwe mikononi mwa wenyewe, mlango kwa mlango, kutoka Mlandege mpaka Jambiani na Kizimkazi, na mwenye kubisha hodi awe Mkurugenzi mwenyewe.

Ndipo watu wa Unguja, ambao hawajapata kusifika kwa uziwi, walipoanza kutosikia hodi. Ndugu Silima alibisha mara tatu akarudi, kesho akaja akabisha mara tatu akarudi. Ndani alisikia vicheko, vikombe, mbuzi, na vikohozi vingi vya makusudi. Kila jioni alirudi na mkokoteni umejaa kama alivyoondoka nao.

Nyumba ya Bi Tamima akaifikia siku ya tisa. Bi Tamima alikuwa anachagua mchele. Akaisikia hodi ya kwanza. Akaisikia ya pili, imechoka zaidi. Kabla ya ya tatu, kwa kuwa ni mtu wa dini, akasogea mlangoni lakini hakufungua.

"Nani?"

"Silima, bibi. Nimeleta tepu."

"Imeoshwa?"

Nje akausikia mkokoteni ukitua.

"Haikuoshwa, bibi."

"Basi karibu," akasema Bi Tamima, akafungua.