Darasa Lisiloisha

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimekuwa mwalimu wa Kiingereza. Sikuomba, dunia imenihitaji. Kampuni moja inatafuta walinzi wa mageti kule kwenye mradi wa gesi, na teste yake, yaani mtihani wa kuingilia, ni hii: unapewa bahasha ya maneno ya Kiingereza yaliyokatwakatwa na kuvurugwa, unayapanga mpaka yawe sentensi. Hapa Quitunda nani aijuaye kazi hiyo? Mimi nimeuza kofia Unguja, kwa Wazungu wa kila rangi.

Kitabu cha shule ninacho. Ukurasa wa majibu nimeuchana, uko chini ya godoro. Nimekata maboksi ya sabuni, nimeandika maneno. Jioni baraza ikajaa. Ikajaa! Nyumba hii ya matofali, tangu mradi utuhamishie hapa, haijapata kusikia sauti ila yangu na ya mjusi.

Lakini wakamaliza sentensi zote kabla ya magharibi, wakaaga. Nikabaki na vikombe.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata akili. Sentensi ya leo: mlinzi anafunga geti. Juu ya mkeka, GATE, CLOSING, THE, GUARD, THE. Neno IS liko chini ya kofia yangu. Wakapanga, wakapangua. Latifo akasema mbona kama pana jino limeng'oka. (Latifo kule kijiji cha zamani tulikuwa ukuta kwa ukuta. Hapa wamemtupa mtaa wa mwisho.) Nikamwambia Kiingereza kina subira, bwana, neno halijaiva. Warudi kesho.

Wamekubali kurudi kesho!

Nimempigia mke wangu, Haula. Yuko Mtwara, ng'ambo ya mpaka, kwa kaka yake tangu mwaka ule tuliokimbia vita. Nikamwambia nyumba imejaa watu, chai haitoshi. Akacheka kidogo, hakuamini. Msimamo wake ni uleule: harudi kukaa kwenye nyumba ambayo hata ukipiga chafya hakuna wa kukuombea rehema.

Alhamisi, 7 Agosti

Pigo. Faustino, yule wa Mueda mwenye suruali ya pasi, naye atafanya teste, na kafungua darasa lake. Ana ubao mweupe. Nusu ya watu wangu wamehamia. Wanasema kwake sentensi zinaisha. Si ndio ubaya wake!

Nikatangaza kwamba Kiingereza cha Faustino kimepitia Malawi, kimeingia vumbi. Hakuna aliyerudi. Nikanunua bajia za Zuleica, mwanafunzi wangu mkali kuliko wote, nikazigawa na chai. Akarudi mmoja. Alikula, akaenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Zuleica aliingia ndani kuchukua sukari. Akafungua kopo silo. Limejaa maneno niliyokuwa nayaficha.

Nikangoja kelele. Hakupiga. Akaja akakaa karibu yangu, akasema chini chini: "Mwalimu Shaweji, mimi nina watoto, na teste keshokutwa. Ukitaka tuje kunywa chai, si useme tu?"

Nikamwaga kopo lote mkekani, nikatangaza kuwa hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya mbinu yangu, maneno yameiva. Ukurasa wa majibu pia nikautoa. Latifo alinitazama sana. Wakapanga mpaka isha, na kila sentensi ikakaa.

Jumatatu, 11 Agosti

Teste. Na mimi nilijiandikisha. Haula akisikia nina kazi atapanda gari siku hiyohiyo. Nikapanga haraka kuliko wote, wallahi. Neno likapungua. Nikamwita msimamizi, nikamwambia ni aibu, kampuni kubwa hivi na bahasha pungufu. Wakatafuta chini ya meza. Latifo akainama, Zuleica akainama, hata Faustino akasukuma viti. Muda ukaisha.

Nje nikavua kofia nijipepee. Neno likaanguka.

Mkono wangu umelificha wenyewe, kwa mazoea tu! Latifo kapita. Zuleica kapita. Faustino kapita. Baraza langu zima limepita, kasoro mwalimu.

Jumatano, 13 Agosti

Gari la kampuni limewachukua kwenda kambini. Nimepika chai ya watu wengi, nimeinywa peke yangu. Haula kauliza mbona leo kimya. Nikamwambia wanasoma kimoyomoyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamekuja! Baada ya swala, Latifo na sare yake, Zuleica na sinia la wali wa nazi, wengine nyuma. Wanasema Ijumaa ni mapumziko yao, na chai ya kambini ni maji ya moto. Zuleica akanipokonya simu, akaongea na Haula mwenyewe. Katikati ya maongezi nikapiga chafya. Baraza zima wakaniombea rehema kwa sauti moja. Haula akasema, "Hao wote ni wa kwetu?" Atazungumza na kaka yake.

Magharibi wakaaga. Latifo yuko bado. Anazunguka nyumba na tochi ya simu, anatafuta ndala yake ya kushoto. Nimemwambia akae kwanza, bwana, maji yako motoni.

Iko chini ya godoro. Kwenye kopo sikuiweka. Mimi si mtu wa kurudia kosa.