Sauti Yangu Kwenye Diski ya Pamoja

Leo nimeumbuka. Ukumbi mzima wa skuli hapa Wete umenisikia kwenye spika nikisema: "Mayasa, pweza wako wa nazi sijamsahau mpaka leo." Na Mayasa mwenyewe kakaa safu ya pili!

Nianze mwanzo. Vijana wa mtaa wa Jadida, mkubwa wao Makame, wanatengeneza programu ya kompyuta: unabonyeza jina la kijiji, unamsikia mtu wa huko akihadithia maisha ya zamani. Mie ndiye wanayemrekodi kwa kijiji chetu cha Ole. (Skuli niliishia la tano, lakini mdomo ninao.) Kazi yao yote inakaa kwenye diski ya pamoja, kijisanduku kilichofungwa waya na kompyuta zao zote.

Juzi Makame kaniambia, "Ami, sema chochote, tujaribu maiki."

Chochote! Nikamsema Mayasa, mke wangu wa zamani. Karafuu tumezianika jamvini, redio inaimba, yeye anakuna nazi huku ananikejeli ninavyofuatisha nyimbo. Kisha vikaja vyama vingi. Watu hawazikani, hawauziani hata chumvi. Kaka yake, Hamad, akaja kumchukua kwa sababu mie na yeye kadi zetu si za chama kimoja. Talaka nikaitoa huku nalia. Mie sijaoa tena, naye nasikia hajaolewa.

Nilipomaliza nikashtuka. "Makame, ifute hiyo!"

"Nshafuta, Ami. Usihofu."

Kweli alifuta. Nakala ya kwenye kompyuta yake! Programu haichukui sauti huko, inachukua kwenye diski ya pamoja, na humo yangu ilikuwa imejikalia raha mustarehe, imeandikwa Ole.

Leo ndiyo maonesho. Makame kabonyeza Ole. Kilichotoka mshakijua. Nikainamia viatu vyangu. Mayasa akageuka:

"Pweza yupi, Mbarouk? Yule uliyekuwa ukisema mgumu kama kandambili?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye akacheka, kilekile kicheko cha jikoni kwetu, Wallahi! Nikanyanyuka nimsalimu tu. Hamad akamshika mkono. "Twende zetu, dada." Akamtoa nje. Mara ya pili!

Makame nshamsamehe, mtoto wa watu. Wewe Hamad, najua unasoma humu kwenye kundi letu la simu. Chama ulichonivunjia ndoa kwa ajili yake umeshakihama, siku hizi uko kwetu, mkutanoni unanipisha kiti. Basi nijibu hapahapa, watu wasome: Mayasa unamrudisha lini?