Nguzo Nyekundu ya Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule kabandika karatasi kubwa ukutani, nje ya ofisi. Imechorwa nguzo za rangi, za miaka mitano. Nyekundu imeandikwa ji-ko-ni. Jikoni ni mimi! Nguzo yangu inapanda kila mwaka, na mwaka jana imeipita maktaba, imeupita ukarabati, imewaacha wote vumbini. Wa kwanza shule nzima. Mimi, nisiyekaa dawatini hata siku moja, herufi zenyewe nimezipatia uzeeni kwenye madaftari ya wajukuu. Nimepita mbele ya mlinzi mara tatu bila kumsalimia. Nguzo yake ya kijani hainifikii kiunoni.

Jumanne, 4 Machi

Mlinzi kasema nisijivune, ulinzi nao utapanda, ameshaomba tochi na koti la mvua. Kijicho tu. Lakini sikubweteka. Nimemwagiza mwenye kuni alete mikokoteni miwili badala ya mmoja. Upawa nimebadilisha, sasa natumia ule mkubwa. Mwalimu wa darasa la pili kaja kulalamika kwamba watoto wamesinzia kipindi kizima cha mchana. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, ya kuwaamsha ni yake.

Jumatano, 5 Machi

Mhasibu kaja jikoni, kalamu sikioni. Mwembamba kama fito, na nilimlisha mwenyewe tangu darasa la kwanza, sijui chakula kilikwenda wapi. Akauliza kuni zote hizi za nini. Nikamwambia nakaza mwendo nisije nikapitwa. Akanitazama kama aliyemeza mfupa. Kasema keshokutwa kuna kikao cha wazazi na jiko litazungumziwa. Hapo napewa cheti tu! Gauni la buluu nimeshalipiga pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekaa mstari wa mbele. Mwenyekiti wa wazazi akanyoosha fimbo kwenye nguzo yangu, nikasimama kushukuru. Akasema, Bibi, kaa kwanza.

Kumbe zile nguzo si alama za kufaulu. Ni matumizi! Akasema jiko ndilo linalomaliza fedha za shule, basi chakula cha mchana kifutwe, kila mtoto aje na chake. Aje nacho kutoka wapi? Nina watoto pale nawajua kwa majina, siku nzima hawali kingine ila kile cha upawa wangu. Nikasimama tena.

"Mwanangu, futa," nikamwambia. "Ila Jumatatu uje wewe usimame mlangoni, uwaambie mwenyewe kwamba leo hakuna kula kwa sababu nguzo imekuwa ndefu."

Mwalimu wa hesabu, ambaye huwa hasemi hata salamu, akaomba chaki. Akasema miaka mitano iliyopita watoto walikuwa mia mbili, leo ni mia tano. Akagawanya, akachora mstari wa gharama ya jikoni kwa kila mtoto. Mstari unashuka mwaka hadi mwaka. Akasema hakuna mtu shuleni anayefanya makubwa kwa kidogo kama huyu bibi.

Makofi yakapigwa. Chakula kimebaki. Mlinzi alisimama kabisa kupiga yake, nikajifanya simwoni, maana macho yalikuwa yameshaniloa.

Jumatatu, 10 Machi

Nguzo wamezibandua. Sasa umebandikwa mstari wa mwalimu, na juu yake maandishi makubwa: BIBI WA JIKONI. Kila apitaye ananipa mkono. Nikaenda kujitazama, na gauni langu la buluu.

Unashuka! Jina langu limewekwa juu ya kitu kinachoporomoka, tena nje ya ofisi, wageni wote waone. Mhasibu kaapa kwamba kushuka ndiyo sifa yenyewe. Maskini, shule yote ile aliyosoma.

Nimempelekea ujumbe mwenye kuni. Mikokoteni mitatu.